Kutu si Kudura

Mali ina maadui wengi. Mwizi huja usiku, moto huja kwa ghafla, na mafuriko huja kwa kishindo. Kwa maadui hao mtu hupiga yowe, majirani hukusanyika, na habari huandikwa katika magazeti. Lakini yuko adui mmoja asiye na kishindo. Hula mchana na usiku, hula tukiwa macho na tukiwa usingizini, wala hapana apigaye yowe kwa ajili yake. Jina lake ni kutu. Nataka kumshtaki adui huyu mbele yako, msomaji. Lakini kabla ya mashtaka kwisha utaona kwamba anayestahili kusimama kizimbani si kutu peke yake. Tunastahili kusimama naye.

Shuka Kitengela, katika barabara iendayo Namanga, utembee kwa miguu muda wa saa moja. Mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu pamekuwa mji wa mawe, saruji na chuma. Utaona malango ya chuma, madirisha ya chuma, mapaa ya mabati, matangi juu ya miguu ya chuma, na nyua za seng'enge. Utaona nyumba ambazo hazijaisha, na juu ya nguzo zake nondo zimechomoza kuelekea mbinguni kama vidole vya mtu aombaye fedha za ghorofa ya pili. Fedha hazijapatikana, mvua imepatikana mara nyingi. Nondo zimekuwa nyekundu na zinabanduka magamba. Lango lililong'aa siku ya kuhamia limetoboka upande wa chini, pale matope yanaporukia. Mwulize mwenye nyumba sababu. Atakujibu kwa utulivu kwamba chuma ndivyo kilivyo. Jirani yake atasema ni uzee. Mtu wa tatu atainua mikono na kusema ni kudura ya Mwenyezi Mungu.

Nayakana majibu yote matatu. Chuma sivyo kilivyo, ndivyo tunavyokiacha. Kutu si uzee, maana liko lango la miaka mitatu lililokwisha, na liko jembe la babu lililo zima. Wala si haki kumsingizia Mungu kazi ambayo sisi tumeacha kuifanya. Kutu ni tendo lenye masharti yanayojulikana. Na tendo la namna hiyo huzuilika kwa kuondolewa sharti moja tu.

Masharti hayo hayakufichwa. Mwanafunzi wa shule huyaona kwa misumari minne na chupa nne ndogo. Msumari wa kwanza hutiwa katika chupa kavu iliyozibwa, yenye dawa ya kunyonya unyevu. Wa pili hutiwa katika maji yaliyochemshwa mpaka hewa yake ikatoka, na juu ya maji humiminwa mafuta ili hewa isirudi. Wa tatu hutiwa katika maji ya kawaida yaliyo wazi kwa hewa. Wa nne hutiwa katika maji ya chumvi, nayo yako wazi. Baada ya juma moja, wa kwanza ni safi na wa pili ni safi. Wa tatu umeota kutu, na wa nne umeota kutu kupita wa tatu. Basi hewa pasipo maji haina nguvu, na maji pasipo hewa hayana nguvu. Vikikutana viwili hivi juu ya chuma, kutu huzaliwa. Na chumvi ikiingia kati, huzaliwa upesi zaidi. Ukumbuke sana msumari wa nne, maana maji ya visima vingi virefu katika Kajiado yana chumvi.

Sasa tuingie ndani zaidi. Katika chuma mna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Chuma kikilowa hutoa elektroni zake, na oksijeni iliyoyeyuka katika maji huzipokea. Chuma kilichokwisha kutoa hakibaki chuma. Huungana na oksijeni na maji, kikawa unga mwekundu usio na nguvu ya kubeba hata kuku. Hapana kutoa pasipo kupokea, wala kupokea pasipo kutoa. Ni kama biashara, haiwi mpaka wapatikane muuzaji na mnunuzi. Wanakemia huyaita matendo haya mawili kwa jina moja, redoksi.

Ukitaka kujua kwa nini chuma ni chepesi wa kutoa, uliza kilikotoka. Hakikutoka ardhini kikiwa chuma. Kilitoka kikiwa kimeungana na oksijeni, yaani kikiwa ndugu wa kutu. Wahunzi wa Kikuyu waliosha mchanga mweusi wa mito ya Murang'a, na wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walijenga matanuri yao. Kote kuwili makaa yaliyapokonya madini oksijeni yake, huku mivukuto ikipuliza moto mkali. Kazi ya mhunzi ni kuiondoa oksijeni; kazi ya kutu ni kuirudisha. Kila kipande cha chuma katika nyumba yako ni mateka aliyetolewa kwao kwa nguvu, naye hutazama nyuma daima. Asiyemlinda mateka asishangae akitoroka.

Metali hazilingani kwa wepesi wa kutoa. Zimepangwa katika safu, kama watu wapangwavyo kwa rika. Potasiamu na sodiamu ziko mbele. Hufuata kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, bati, risasi, shaba na fedha, na nyuma kabisa hukaa dhahabu, isiyotaka kutoa kitu. Tumbukiza msumari safi katika maji ya buluu yenye chumvi ya shaba. Baada ya muda msumari utavaa koti jekundu la shaba, na ubuluu wa maji utafifia. Chuma kimetoa, shaba imepokea. Kutokana na safu hiyo mwenye nyumba anapata kanuni moja yenye thamani kuliko lango lake: metali mbili zikigusana penye unyevu, ile ya mbele huliwa na ile ya nyuma husalimika.

Labda utauliza kwa nini sufuria ya alumini haimalizwi, hali alumini iko mbele ya chuma. Ni kwa sababu oksidi ya alumini hushikamana na metali yake kama ngozi na kuifunika. Kutu haina adabu hiyo. Hubanduka kama magamba, ikafungua chuma kipya kiliwe tena.

Hapa lugha yetu imetughilibu kidogo. Tunayaita mapaa yetu mabati, na bati ni metali nyingine. Bati hasa ndilo linalopakwa mikebe ya vyakula. Mkebe ukikwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, chuma hutangulia kuliwa, kwa kuwa kiko mbele ya bati; ndiyo sababu mkebe uliotupwa uani huisha upesi. Bali paa lako halikupakwa bati. Limepakwa zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini. Zinki iko mbele ya chuma. Paa likipata mkwaruzo mdogo, zinki iliyo kando hujitoa badala ya chuma. Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy aliwaonyesha wanamaji wa nchi yake kwamba shaba iliyofunikwa chini ya meli husalimika ikifungwa vipande vya chuma au zinki, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kukipaka chuma zinki. Hata leo meli zitiazo nanga Mombasa hufungwa vipande vya metali za mbele, viliwe na bahari badala ya meli. Lakini mlinzi huyo si malaika. Siku zake zina hesabu. Zinki ikiisha, zamu ni ya chuma.

Mambo haya si ya kitabuni tu. Nililiona tangi moja katika shule moja ya Kajiado. Lilikuwa tangi la chuma kilichopakwa zinki, likipokea maji ya mvua kutoka paa la madarasa. Fundi aliyelifunga alitia bomba lenye asili ya shaba, likagusana na tangi bila kitu cha kutenganisha. Wewe umekwisha kujua kanuni, na unaweza kutabiri yaliyofuata. Zinki iliyozunguka bomba ililiwa kwanza, kisha chuma kikaliwa, kisha tundu likafunguka. Lilikuwa tundu dogo, na maji yalianguka tone moja kwa kila sekunde. Watu walipita wakiliona, wakasema ni tone tu.

Tufanye hesabu ya tone hilo. Matone 20 hufanya kama mililita moja. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo tone moja kwa sekunde ni lita 4 na zaidi kwa siku. Katika kiangazi cha siku 90 ni lita 388, yaani mitungi 19 ya lita 20. Katika nchi ya mvua nyingi mtu anaweza kuidharau mitungi 19. Lakini hii ni Kajiado, nchi ambayo ng'ombe hufa kwa kiu, na ambayo pamoja na sehemu nyingine kavu za Kenya ilipitia ukame mkali tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Tangi la shule ile liliisha kabla ya kiangazi kwisha. Wanafunzi wakawa wakiamka mapema kwenda kuchota maji ya chumvi kisimani, na somo la kwanza la asubuhi likawapita.

Kamati ilikaa. Haikuuliza tangi lilikufa kwa sababu gani. Iliuliza tangi jipya litanunuliwa lini. Wazazi wakachanga, baadhi yao kwa kuuza mbuzi. Tangi jipya likaletwa, likafungwa bomba la namna ile ile kwa namna ile ile. Na darasa ambalo safu ya metali huandikwa ubaoni kila mwaka lilikuwa hatua 20 tu kutoka pale. Wanafunzi waliikariri safu ile wakapata alama nzuri. Hapana hata mmoja aliyetoka nje akaliangalia bomba.

Najua nitajibiwa. Atatokea mtu aseme kwamba rangi ni ghali. Ninamwuliza, ni ghali kuliko lango? Mnara wa Eiffel, mjini Paris, ni wa chuma, nao umesimama tangu mwaka 1889 kwa sababu hupakwa rangi upya kwa desturi ya kila miaka saba hivi. Wafaransa hawakungoja mnara uanguke ndipo wajue bei ya rangi. Asemaye hana fedha ya kopo moja la rangi leo, ataipata wapi ya lango zima kesho?

Mwingine atasema kosa ni la wauzaji, kwamba bati la siku hizi ni jembamba. Hoja hii ina haki yake, nami siifichi. Bati hupimwa kwa geji, na hesabu ya geji huenda kinyume: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Mnunuzi asiyejua huona namba kubwa akadhani amepata kitu kikubwa. Muuzaji anayedanganya juu ya geji ni mwizi, na ashtakiwe. Lakini baada ya kumshtaki, turudi nyumbani. Unene wa bati la geji 30 ni kama theluthi ya milimita. Kitu chembamba hivyo huhitaji ulinzi mwingi zaidi. Wembamba wake si ruhusa ya kukiacha. Na yule anunuaye chembamba kwa kutaka rahisi, kisha akakiacha bila kukitunza, amejiibia mara mbili.

Wa tatu atasema chuma cha wazee kilikuwa bora, maana sime na mikuki yao haikuota kutu. Huyu nampenda, kwa kuwa ameuleta ushahidi wangu mwenyewe. Mmorani wa Kimaasai hakuuacha mkuki wake kwa kudura. Aliusugua na kuupaka mafuta. Alifanya hivyo bila kusikia neno elektroni, lakini mafuta yalitenda kazi ile ile yanayotenda katika chupa ya msumari wa pili: yaliizuia hewa, tena yaliyazuia maji. Kwa desturi ya zamani wahunzi wa Kimaasai, waitwao Ilkunono, walitengwa na jamaa zao, na kitu kilichotoka mikononi mwao kilipakwa mafuta ili kuondoa unajisi. Sababu iliyotajwa ilikuwa nyingine. Faida kwa chuma ilikuwa ile ile. Mkuki uliishi kwa sababu ya mafuta, si kwa sababu ya nasaba yake.

Lakini katika habari hiyo mna jambo la huzuni, nalo linatuhusu. Watu waliupenda mkuki wakamdharau aliyeufua. Tusiwacheke, maana sisi tumefanya vibaya zaidi. Siku ya kufungua jengo tunamwalika mgeni wa heshima akate utepe, tunapiga picha mbele ya lango jipya, tunaandika jina la mfadhili ukutani. Mtu ajaye baada ya miaka mitatu na msasa na brashi hatumpigi picha. Tunamwita kibarua. Tunaheshimu kununua, tunadharau kutunza. Hiki ndicho kiini cha mashtaka yangu. Kutu huingia mahali ambapo hewa na maji vimekutana juu ya chuma. Lakini hukaa na kustawi mahali ambapo kazi ya utunzaji imehesabiwa kuwa aibu.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kutu kilitoa utafiti uliokadiria kwamba kuliwa kwa metali kuligharimu dunia karibu dola trilioni 2.5 za Marekani katika mwaka 2013, yaani 3.4 katika kila mia ya pato lote la dunia. Utafiti huo ulisema tena kwamba kati ya sehemu 15 na 35 katika kila mia ya hasara hiyo zingeweza kuokolewa kwa njia ambazo zimekwisha kujulikana. Siyo kwa njia zitakazovumbuliwa kesho, bali kwa njia zilizomo katika daftari lako.

Basi lifungue daftari hilo, utoke nje. Ukikuta langoni kutu inaanza, isugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Paka kwanza ile rangi nyekundu-kahawia ambayo mafundi huiita redoksaidi, kisha rangi ya juu. Kupaka rangi juu ya kutu ni kumfunika mwizi shuka na kumwacha ndani. Ukiona bomba la shaba likikutana na tangi la chuma, mwombe fundi atie kiungo cha plastiki kati yake. Ukiona majani na udongo vimelundikana katika mfereji wa paa, viondoe, kwa kuwa hushika unyevu juu ya bati siku nyingi baada ya mvua kwisha.

Ukiona nondo zimesimama juu ya nyumba zikingoja ghorofa, mshauri mwenye nyumba azipake rojo la saruji au azifunge vizuri zisilowe. Wekundu mwepesi wa juu juu haudhuru sana. Magamba mazito ndiyo hatari, maana huko nondo imekwisha kupungua. Saruji nzuri hukilinda chuma kilichomo ndani yake, lakini saruji iliyochanganywa kwa maji ya chumvi humfungulia adui mlango. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikizaliwa ndani ya nguzo husukuma mpaka nguzo ikapasuka. Juu ya nguzo hiyo wamelala watu.

Msomaji, watakuambia kwamba safu ya metali ni swali la mtihani. Usiwasadiki. Mtihani ni siku moja, na paa la mama yako ni la miaka 20. Aliyeikariri safu akapata alama zote, kisha akapita kila asubuhi mbele ya bomba linalodondoka, huyo amefaulu mbele ya msahihishaji na ameshindwa mbele ya tangi. Elimu yake nayo ni chuma kilichoachwa mvuani. Lichukue somo hili mpaka kwenye lango la kwenu. Brashi ya waya haimwaibishi mtu mwenye elimu. Linalomwaibisha ni tundu alilolijua mapema akaliacha likue.